Wanataka Binti Yako Aimbe Kwamba Umekufa

Mdogo wangu Bahati,

Sina mahali pa kuipeleka barua hii, kwa hiyo naiweka mbele ya watu wote. Tangu ulipoondoka Ngungu na mzigo wa maharage kwenda Ntoto kutafuta mafuta ya mawese, na vita vikafunga njia nyuma yako, kila mtu tuliyemuuliza ametupa jibu lake. Mmoja alikuona sokoni Walikale. Mwingine alisikia kwamba kundi lenu lilitawanyika msituni. Wa tatu hakujua kitu, lakini aliona vibaya kutuacha tuondoke mikono mitupu, akatuambia una afya nzuri. Sifa, binti yako, ulimwacha anajifunza kusoma. Leo ni msichana mkubwa, na uso wake uko kwenye simu za watu ambao hatujawahi kuwaona. Ninakuandikia juu yake, na juu ya watu wanaotaka uwe maiti ili wimbo wake upate wasikilizaji.

Nina hasira, Bahati. Unajua nikiwa na hasira siandiki kwa kifupi.

Nianzie kwenye rundo la maharage, maana barua hii itasomwa pia na watu ambao hawajawahi kufika Ngungu. Wewe unakumbuka. Maharage yakishakauka tuliyamwaga juu ya turubai, wanawake wakakaa kwa mduara na fimbo zao, na wewe ukakaa katikati yao, mwanamume peke yako. Wenzako walikucheka, wakasema mwanamume hapuri maharage. Uliwajibu kwamba ni kweli, mwanamume anayala tu, na jioni utawaona wakifanya kazi hiyo bila kuchoka. Wanawake walikupenda kwa sababu ya sauti. Ulichukua wimbo wowote, wa kanisani, wa harusi, hata ule wa mapenzi uliokuwa unapigwa redioni, na ndani yake ukatia majina yetu. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni ya rundo kwetu. Kila aliyeshika fimbo lazima aitwe ndani ya wimbo, na akiitwa lazima ajibu, "Niko." Aliyetoka kidogo, amekwenda mtoni au shambani, mtu wa nyumbani kwake anamjibia: "Anakuya," yaani yuko njiani anakuja. Jina la pili haliitwi kabla la kwanza halijajibiwa. Na marehemu haitwi kwenye rundo. Yeye ana siku yake, siku ya kumaliza matanga, na baada ya hapo jina lake linapumzika.

Unakumbuka siku tuliyogombana kwa sababu ya mbuzi wangu aliyeingia kwenye mahindi yako? Asubuhi tulirushiana maneno hadi majirani wakatoka nje. Mchana tukakaa kwenye rundo moja, na nikaapa moyoni kwamba hutapata sauti yangu. Ukaniita. Nikanyamaza, nikapiga maharage. Ukaniita tena, safari hii kwa jina la utani ulilonipa, la wakili, kwa kuwa nabishana na kila mtu, ukaimba kwamba Dada Avoka fimbo yake inapiga maneno na maharage yanamcheka. Watu wote wakacheka. Mimi nikanyamaza. Wimbo ukasimama pale pale, maana hukuweza kwenda kwenye jina lingine, na mvua ilikuwa inashuka kutoka mlimani na maharage hayajafunikwa. Ni Mama Vumilia, jirani yetu, yule ambaye fimbo yake ilipiga udongo kuliko maharage, aliyeninong'oneza bila kuinua kichwa.

"Avoka, jibu basi. Maharage haina kesi na weye."

Nilijibu matone ya kwanza yalipoanguka. Ulicheka hadi fimbo ikakutoka mkononi, na tukakunja turubai pamoja, mimi nikiwa bado nimenuna na wewe ukiimba jina la mbuzi.

Baadaye vita vikaja hadi kwetu, ukiwa umeshaondoka. Tuliteremka Bweremana, mkeo, Sifa na mimi, na Mama Vumilia akiwa amebeba kuku mmoja ambaye hakukubali kumwachia mtu. Huku hakuna maharage ya kupura. Kuna sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Wavuvi wanarudi alfajiri, sisi tunanunua kwa beseni, tunaanika, tunachambua, tunauza. Wanawake wanakaa kwa mduara kama kule. Mtoto wako alikulia katika mduara huo, na sauti yako aliichukua yote. Nilipomsikia mara ya kwanza akiimba kwa nguvu niligeuka nyuma kukutafuta.

Video zake zilianza kwa mchezo. Alikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka, akaiegemeza kwenye beseni, akaimba wimbo wa mapenzi wa mwanamuziki mmoja mkubwa, ambao kila mtoto wa Goma anaujua. Mwanzoni alimtaja mwenye wimbo, kwa heshima. Halafu, alipofika mahali ambapo yule mwanamuziki anamlilia mpenzi wake, Sifa akafanya ulivyokuwa unafanya wewe. Akaita majina. Mama Vumilia akajibu "Niko," kwa sauti yake ya jogoo. Mwingine akajibu, na mwingine. Ndipo Sifa akaita, "Papa Bahati." Mkeo hakuinua macho kutoka kwenye sambaza. Akasema, "Anakuya," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeulizwa ulikokwenda na anajua uko nyuma ya nyumba.

Video hiyo ilitembea, Bahati. Sikuamini. Watu wa Ngungu waliotawanyika Kampala, Kinshasa, hadi Kanada, walianza kuandika chini yake: niko. Hawakuandika neno lingine, hilo tu, mmoja chini ya mwingine. Vijana waliozaliwa mbali waliwauliza wazazi wao rundo la maharage ni kitu gani. Mtu mmoja aliomba mama yake aitwe, kwa kuwa walipotezana njiani wakati wa kukimbia. Sifa akamwita katika video iliyofuata, ndani ya wimbo mwingine wa watu, na mpwa wa yule mama akaandika kwamba yuko kwake, anajibu, niko. Tangu hapo kila wiki aliimba wimbo wa mwanamuziki fulani na majina mapya. Vijana wa pikipiki wakaanza kupiga nyimbo zake barabarani. Wenye harusi wakaanza kumwita. Mama Vumilia, ambaye hawezi kusoma, sasa anasalimiwa kwa jina na watu asiowajua anapokwenda sokoni, na amekuwa na kiburi kisichovumilika.

Wenye wivu walikuja kwanza. Waliandika kwamba binti yako ni mwizi wa nyimbo, hana wimbo hata mmoja wake. Nikawajibu, mmoja mmoja, hadharani, na ninarudia hapa. Kila kwaya ya kwetu Masisi inaimba nyimbo za watu ambao hawakuijua Masisi, na hakuna aliyewaita wanakwaya wezi. Wimbo ule wa mapenzi ulipotoka kwa mwenyewe ulikuwa na mwanamume mmoja anayemlilia mwanamke mmoja. Ulipopita mdomoni mwa Sifa ulikuwa na kijiji kizima. Kama huo ni wizi, basi mwizi ameacha kitu kikubwa kuliko alichochukua. Hawakunijibu hoja. Mmoja alisema tu kwamba mimi ni mama mzee ninayepoteza mega zangu za intaneti. Hilo ni kweli, na nitaendelea kuzipoteza.

Wakaja wengine na kamera kubwa, watu wa mashirika ya misaada. Walitaka Sifa aimbe mbele ya hema la wakimbizi. Mtoto hajawahi kulala kwenye hema, amelala kwangu mimi shangazi yake tangu siku ya kwanza. Alitoka amevaa kitenge chake kipya na amesuka nywele. Wakaangaliana, kisha wakamwomba kwa adabu avae nguo za kila siku. Akawaambia kwamba ndizo hizo: "Hizi njo za kila siku." Wakamwuliza kama angeweza kuvua viatu. Niliingilia kati, na mazungumzo yakaishia hapo, maana nilitaka kujua nani kati yao atavua vyake kwanza.

Lakini hao wote walikuwa mbu. Nyoka alikuja na studio.

Sitamtaja jina, asije akafurahi. Ni mtu wa Goma, mwenye studio nzuri, miwani nyeusi hata ndani ya nyumba, na maneno matamu. Alimwambia Sifa kwamba atamtoa kwenye simu iliyopasuka na kumfikisha Kinshasa na mbali zaidi. Wakatengeneza wimbo mpya, wake mwenyewe, wenye kiitikio cha majina. Mtoto hakulala kwa furaha. Usimwone kama malaika. Anataka kujulikana, anataka nguo, anataka kuimba mahali penye taa. Ana haki ya kutaka vyote hivyo. Nilimsindikiza, kwa kuwa siamini mtu anayeficha macho.

Mwenye studio alisema wanawake wa Bweremana wabaki na sambaza zao, yeye ana waimbaji wake wa kuitikia. Nikakaa nyuma ya kioo. Sifa akaimba vizuri sana hadi jina la kwanza. Akaita, "Mama Vumilia." Akanyamaza. Wakampigia muziki tena, akafika pale pale, akanyamaza. Mwenye studio akamwambia aendelee, sauti za kujibu zitawekwa kisha.

"Hajajibu," Sifa akasema.

"Nani?"

"Mama Vumilia."

"Iko wapi, huyo Mama Vumilia?"

"Bweremana."

Kijana wa mashine akaangua kicheko. Mwenye studio akauliza sasa mtu wa Bweremana atajibu namna gani, na mtoto wako akamwambia ndiyo maana alitaka waimbie kule. Akamweleza kanuni ya rundo, kwa upole, kama unavyomweleza mgeni mahali pa kunawa. Yule mtu akachoka kusikiliza. Akasema basi majina yatoke yote, maana Kinshasa hakuna anayemjua Mama Vumilia. Nilimwuliza kutoka kwenye kiti changu kama Ngungu kuna anayemjua yeye.

Hapo ndipo alipokumbuka neno "anakuya" na kuuliza huyo Papa Bahati ni nani. Sifa akamwambia. Miwani ikatoka machoni kwa mara ya kwanza. Alikuwa na macho ya mtu aliyeona mbuzi mnono bila mchungaji.

"Sifa, hiyo njo wimbo. Papa amekufa."

"Hatujue kama amekufa."

"Publike haiombake sertifika ya kifo."

Alisema hivyo, Bahati, kwamba wasikilizaji hawaombi cheti cha kifo, mbele ya mtoto wako. Akaendelea kupanga. Majina yote yatoke, libaki moja. Mahali pa "anakuya" aseme umekufa, na sauti ivunjike kidogo. Video wataipigia makaburini, na kaburi ameshaliona, Bweremana hukohuko, lina msalaba mweupe na ziwa linaonekana nyuma yake. Nikauliza kaburi ni la nani. Akasema hajui, lakini ni safi.

Nimesoma mengi yaliyoandikwa juu ya milima yetu, na watu waliotoka karibu na watu waliotoka mbali, na ugonjwa ninaouona ni mmoja: wanatupenda tukishakufa. Mtu hai wa Masisi anasumbua. Anauliza barabara iko wapi. Anauliza nani alichukua ng'ombe, nani alichoma shule, na kwa nini wakubwa wanakula meza moja na wale waliotufukuza. Maiti haiulizi kitu. Inakaa kimya ndani ya wimbo na watu wanalia, kisha wanaendelea na chakula chao. Mtu huyu hana bunduki, hajamfukuza mtu shambani. Lakini kazi ambayo bunduki labda haikuimaliza, alitaka binti yako aimalize kwa mdomo wake. Na mwenye kaburi lile, na watoto wake wanaokuja kulipalilia, nani aliwauliza?

Njiani kurudi Sifa alilia, nikadhani analia kwa ajili yako. Kumbe sivyo.

"Tantine," akaniuliza, "na kama hii njo nafasi yangu moja tu?"

Nilimshika mkono hadi tukafika.

Habari zilitutangulia, kama kawaida. Papa Sébastien, baba yetu mkubwa, aliyetulea wewe na mimi baada ya wazazi kufariki, alituita. Najua unamheshimu, na mimi sikumtukana. Alisema wimbo wa Goma haumhusu. Kinachomhusu ni kwamba ukoo umekaa muda mrefu bila kujua, shamba lako halina mtu, mkeo si mke wala mjane, na kila wiki tunawaambia watu wa dunia nzima kwamba unakuja. Alisema tunadanganya. Nikabisha. Akaniacha nimalize, halafu akaniuliza swali moja tu.

"Avoka, uko na preve gani kama angali hai?"

Sikuwa na ushahidi wowote. Nikamwuliza yeye ana upi kwamba umekufa. Naye hakuwa nao. Tulikaa hapo, wabishi wawili wa ukoo mmoja. Mwishowe aliamua kwa namna ambayo hata mimi sikuweza kuipinga. Sifa akuite kwenye mduara, mbele yake. Mtu wa nyumbani kwako akijibu, matanga hayafanyiki. Jina lako likikosa wa kulijibia, basi ukoo utakaa na kupanga siku.

Nilikwenda kwenye mduara Jumamosi iliyofuata bila wasiwasi. Mkeo alikuwa amejibu kila mara. Kwa nini asijibu leo? Papa Sébastien alikaa juu ya jiwe, nyuma kidogo ya wanawake. Sifa akaegemeza simu kama siku zote. Akaimba ule wimbo wake mpya, akaita Mama Vumilia, akapata jogoo wake. Akaita wengine. Kisha akaita, "Papa Bahati."

Mkeo aliendelea kuchambua sambaza. Nzuri huku, zilizovunjika kule. Sifa akaita tena. Mkeo akaweka mikono juu ya magoti, akaitazama, akasema, "Nimechoka."

Hakusema kwa hasira. Wala usimlaumu, maana nitakuja kukutafuta huko uliko nikugombeze. Amekujibia miaka hii yote, mwanamke huyu. Amewajibu wanaume waliotaka kumwoa, amemjibu mtoto aliyeuliza, ameijibu simu ya kioo kilichopasuka. Siku hiyo neno halikutoka.

Sifa hakuita jina lingine, kwa kuwa hakuweza, na hakugeuka kumtazama mtu. Papa Sébastien alikuwa ameanza kuinuka kutoka kwenye jiwe.

Na mimi je? Mimi ni mtu wa ushahidi. Nimewavua nguo hadharani watu wengi waliosema jambo bila kulithibitisha. Sijui kama uko hai, Bahati. Kuna asubuhi ninazoamini na asubuhi nisizoamini. Lakini kanuni haikuuliza ninachojua. Iliuliza kama kuna mtu wa nyumbani kwako aliyekaa kwenye mduara, na mimi nilikuwepo, tumetoka tumbo moja.

"Anakuya," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mbuzi. Mama Vumilia alicheka hadi akashika ubavu, na Sifa akaita jina lililofuata haraka, kama anayevuka mto kabla maji hayajapanda.

Wimbo ulipoisha Papa Sébastien alikuja kusimama mbele yangu.

"Basi, matanga haiko," akasema. "Lakini ni weye njo umejibu. Asipokuya, ni weye tutauliza."

Sifa alimpelekea mwenye studio ujumbe mfupi: majina yote yabaki, na wanaoitwa wajibu wenyewe, au hakuna wimbo. Hakujibiwa. Nasikia wamepata msichana mwingine ambaye analia vizuri. Binti yako aliiweka video ile mtandaoni kama ilivyo, pamoja na kimya cha mama yake na sauti yangu ya aibu. Wengine wanasema imeharibika. Yeye bado anaamka alfajiri kununua sambaza, na kuna siku namwona anaiangalia barabara ya Goma kwa muda mrefu. Simwulizi.

Kwa hiyo, kwa yeyote anayesoma barua hii Ntoto, Walikale au popote mbele ya hapo: mwanamume anayetafutwa ni mrefu, ana kovu la panga kwenye kidole gumba, na hawezi kufanya kazi bila kuimba. Mwambieni shamba lake halijagawanywa. Mwambieni mkewe amechoka na hajaolewa. Na wewe Bahati, kama unasoma, achana na mawese, rudi. Kama haiwezekani tena, basi aliyekuzika aje Bweremana. Aje kwa miguu, akae nasi, atuambie kwa kinywa chake alikulaza wapi na mlima upi unaonekana kutoka pale. Huyo nitampa kiti, nitampa chakula, nitamwamini. Habari ya kifo chako hatutaipokea kwa mtu mwingine yeyote.

Ni mimi dada yako mkubwa, niliyebaki na jina lako mkononi,

Avoka
Bweremana